BARAZA YA WAZAZI NA WALIMU: Mwanafunzi wa Mchezo wa Kuigiza



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo linalosemwa sana majumbani na mashuleni, nalo ni michezo ya kuigiza. Mwaka ukikaribia kwisha, walimu huwakusanya watoto, wakawagawia maneno ya kusema na nguo za kuvaa, nao wazazi huja kutazama wakafurahi, wakapiga makofi. Hapo hakuna ugomvi. Walakini mtoto akirudi nyumbani akisema, "Baba, nataka kujifunza kazi hii hasa, iwe ndiyo kazi yangu," furaha ile hugeuka. Baba huuliza kama alilipa ada ya shule miaka yote ile ili mwanawe awe mchekeshaji wa watu. Mama naye huuliza neno lililo zito zaidi: je, kuigiza si namna ya kusema uongo? Kwani mtu hulia hali hana msiba, na huitwa mfalme hali kila mtu anajua ya kuwa ni mtoto wa jirani.

Maswali haya si ya kupuuzwa, wala hayajibiwi kwa kuwacheka wazazi. Twaona afadhali tumfuate mwanafunzi mmoja wa kazi hii tangu siku yake ya kwanza ya mazoezi, tutazame afundishwa nini, kisha kila mtu aamue mwenyewe kama ni uongo au ni kweli, na kama ni upuuzi au ni kazi.

Mwanafunzi huyo aitwa Kostya. Yeye ni mtu wa kitabuni, lakini aliyemwandika aliijua kazi hii kuliko wengi. Jina lake ni Konstantin Stanislavski, aliyezaliwa Moscow, katika nchi ya Urusi, mwaka 1863. Mwaka 1898 yeye na mwenziwe Vladimir Nemirovich-Danchenko walianzisha jumba la michezo katika mji huo, likapata sifa duniani. Aliona kwamba wachezaji wengi hufanya kazi kwa kubahatisha: leo wachezea vizuri, kesho vibaya, wala hawajui sababu. Basi akaandika kitabu mfano wa daftari ya mwanafunzi, aandikaye kila siku aliyofundishwa darasani. Kitabu kilitoka kwanza kwa Kiingereza mwaka 1936, kikatoka kwa Kirusi mwaka 1938, mwaka ule ule aliokufa. Mwalimu aliyemo kitabuni aitwa Tortsov, na wengi huona ya kuwa ndiye Stanislavski mwenyewe kwa jina jingine.

Mwanzo wa habari ni huu. Tortsov awaambia wanafunzi wapya kila mmoja achague kipande cha mchezo apendacho, akitengeneze, aje akionyeshe jukwaani mbele ya watu. Kostya achagua mchezo mkubwa wa Shakespeare uitwao Othello. Kwa ajili ya wasiousoma, twasema kwa kifupi. Othello ni mtu mweusi wa asili ya Afrika, jemadari mkuu wa dola ya Venice, mwenye heshima na maneno mazuri. Amemwoa Desdemona, binti wa mkubwa mmoja wa mji. Lakini Iago, afisa aliye chini yake, amchongea mkewe kwa uongo, akitumia leso moja kuwa ushahidi. Wivu wamla Othello hata amwua mkewe asiye na kosa, na ajuapo kweli ajiua mwenyewe.

Kostya arudi nyumbani, na moyo wawaka. Achukua taulo alifanye kilemba, shuka iwe joho, sinia iwe ngao, na kisu cha kukatia karatasi kiwe jambia. Apita chumbani huku na huku, akinguruma na kukodoa macho, hata usiku wapita sana. Ajiona amekwisha kuwa mchezaji mkubwa. Kesho yake ausingizia hata saa ya mazoezi yapita, na afikapo awakuta wenzake wote wameketi wanamngoja.

Hapa twaomba walimu wasome polepole. Msimamizi wa mazoezi hakumpiga wala hakumtukana. Alimwonyesha hasara aliyoifanya. Hamu ya kazi ni ngumu kuiamsha, lakini kuiua ni rahisi kabisa. Na mtu aweza kuiharibu kazi yake mwenyewe akitaka, ila hana ruhusa ya kuiharibu kazi ya kundi zima. Akasema kwamba mchezaji yapasa awe na utii kama askari. Kisha akayafuta mazoezi ya siku ile, watu wakatawanyika. Basi somo la kwanza la mwanafunzi huyu halikuwa sauti wala mikono. Lilikuwa ni kufika kwa wakati. Mzazi adhaniye kwamba kazi hii ni ya wavivu na aanze kuhesabu hapo.

Siku nyingine Kostya achanganya chokoleti na siagi, ajipaka usoni ili awe mweusi, asimama mbele ya kioo akiyafurahia meno yake yanavyong'aa. Lakini afikapo jukwaani mambo yote aliyoyatengeneza chumbani hayakubali. Maneno yazuia matendo, na matendo yazuia maneno. Ayakumbukapo haya, ayasahau yale. Siku ya kuonyesha ni mbaya zaidi. Taa zawaka mbele yake, na ng'ambo ya taa pana giza kubwa lenye watu. Aona ya kuwa imempasa kuwafurahisha wote kwa nguvu, na kadiri anavyojikaza ndivyo mwili unavyokuwa mgumu kama gogo. Aharakisha maneno kama mtu anayekimbia mvua. Ndipo, kwa hasira ya kushindwa, apaza sauti katika neno moja la Othello la kudai damu, na neno hilo latoka kweli kweli. Ukumbi wote wanyamaza. Kwa dakika chache ahisi kana kwamba amebebwa. Kisha yaisha.

Baadaye Tortsov awaita wanafunzi wawahukumiwe. Katika siku nzima ameona mambo mawili tu yaliyo mema: kelele ya msichana mmoja, Maria, aliyeshuka ngazini mbio akiomba msaada, na neno lile moja la Kostya. Yote mengine yalikuwa bure. Na hata hayo mawili, awaambia, yalikuja yenyewe kama mvua ya ghafula. Mkulima hawezi kupanda kwa kuitegemea mvua ya namna hiyo.

Fikirini uchungu wa kijana huyu. Amekesha, amejipaka, amejisifu moyoni, na sasa aambiwa ya kuwa jema lake lote ni neno moja, nalo si lake, ni la bahati. Hapo ndipo penye njia panda ya kila mwanafunzi, wa kazi yo yote. Mmoja husema, "Mwalimu ana chuki nami," akaenda zake. Mwingine huuliza, "Basi, nifanyeje ili lije tena?" Kostya alikaa akauliza.

Lakini kabla ya kuendelea tuna neno la kusema juu ya kosa lake, kwa maana sisi wasomaji wa Afrika twalihisi zaidi kuliko wengine. Kostya alipotaka kumwonyesha mtu mweusi, alionyesha nini? Kunguruma, kukodoa macho, kuonyesha meno kama chui. Tortsov amkemea kwa jambo hilo. Mshenzi wa namna hiyo hayumo katika maneno ya Shakespeare. Kostya alimwokota katika mawazo ya ovyo yanayozagaa kwa watu, wala hakujisumbua kusoma na kumtafuta mtu mwenyewe. Othello ni jemadari ambaye dola nzima yamtegemea. Ukimfanya mnyama tangu mwanzo, hakuna msiba tena, kwani mnyama hana cha kuanguka kutoka kwacho. Basi kujipaka rangi ya mtu si kumjua mtu.

Na walikuwako watu weusi waliouonyesha ulimwengu Othello ni nani. Ira Aldridge, aliyezaliwa New York mwaka 1807, hakupata nafasi katika nchi yake kwa sababu ya rangi, akavuka bahari kwenda Uingereza. Mwaka 1833 alicheza Othello katika jumba kubwa la Covent Garden mjini London, na baadhi ya magazeti yalimtukana kwa ngozi yake. Hakuacha. Alizunguka Ulaya, na mwaka 1858 alifika hata Urusi, akapokewa kwa heshima kubwa. Alifariki mwaka 1867 katika mji wa Łódź, nchi ya Poland. Baada yake alikuja Paul Robeson, aliyekuwa mtoto wa mchungaji ambaye zamani alikuwa mtumwa. Alicheza Othello London mwaka 1930, na mchezo ulioanza New York mwaka 1943 ulionyeshwa mara 296. Watu hawa hawakupewa sifa kwa rangi yao tu. Walisoma, walijizoeza, wakadumu.

Sasa turudi darasani, tuone jinsi kweli inavyofundishwa.

Tortsov amwita Maria, amwambia apande jukwaani aketi tu. Jambo rahisi! Lakini mara pazia likifunguliwa, Maria hajui aweke wapi mikono. Ageuka, avuta nguo, atabasamu bila sababu. Kisha mwalimu ampa habari. Ampa kudhani kwamba hana tena ada ya shule, na rafiki yake amempa pini ya vito aiuze, akaichomeka katika pazia lile, aende aitafute. Maria aenda mbio, ashika kichwa, ajipiga kifua, atikisa pazia, arudi akihema, amefurahi. Mwalimu auliza, "Pini iko wapi?" Kumbe hata hakuitafuta! Alikuwa akionyesha watu jinsi mtu anavyotafuta. Ndipo Tortsov amwambia kwamba asipoipata itambidi kuacha shule. Uso wa Maria wabadilika. Arudi, alikagua pazia kunjo kwa kunjo, polepole, bila kelele, na watazamaji wote waona ya kuwa moyo wake una hofu. Na ajabu ni hii: yeye mwenyewe alidhani mara ya kwanza ndiyo nzuri, kwa sababu alijiona amesisimka.

Akina mama mlioulizia uongo, jibu ni hilo. Mara ya kwanza Maria alidanganya. Mara ya pili hakudanganya. Mwalimu aliukataa uongo akaupokea ukweli. Mchezaji mwema hasemi, "Mimi ni mfalme, niaminini." Ajiuliza, "Kama ningekuwa mfalme, na mambo yakawa hivi na hivi, ningefanya nini?" Neno hilo *kama* halimdanganyi mtu, lakini laamsha moyo ukafanya kazi ya kweli. Nasi tunalitumia kila siku twapowalea watoto: "Kama wewe ndiwe uliyenyang'anywa kalamu, ungeonaje?" Mtoto aliyezoea kujibu swali hilo amejifunza kumhurumia mwenziwe.

Tena siku moja Tortsov awapa *kama* nyingine: kama nyuma ya mlango huu angekuwapo mwenda wazimu mkali aliyetoroka hospitali, mngefanya nini? Wote waruka, wasukuma meza, wazuia mlango. Mchezo una uhai. Wapenda mno, waomba kuurudia. Waurudia, na mara hii wakumbuka tu nani alisimama wapi na nani alipiga kelele gani. Matendo ni yale yale, lakini uhai umekwisha. Kurudia sura ya nje ya jambo jema si kulifanya tena. Mwalimu ye yote aliyesikia watoto wakiimba mara ya ishirini wimbo walioupenda mara ya kwanza aijua habari hii.

Liko pia somo la mwili. Kostya, katika zoezi moja, alikaza mikono hata akavunja chombo cha kioo mkononi, akajikata mshipa, ikambidi kulala kitandani. Ndipo darasa lilipofundishwa hasara ya kujikaza. Tortsov alimwambia mwanafunzi ainue pembe ya piano nzito, na huku ameiinua azidishe 37 kwa 9. Hawezi! Aishusha kwanza, kisha ajibu: 333. Mwili uliokazwa wote huifunga akili. Basi Kostya ajizoeza kulala na kulegeza kiungo kimoja kimoja, akimtazama paka wa nyumbani, ambaye hana mshipa uliokazwa pasipo haja. Watoto wetu wasimamapo mbele ya watu na kusahau mashairi waliyoyajua vizuri, mara nyingi si uvivu wala ujinga, wameinua piano. Ukiwapigia kelele wakumbuke, umewaongezea piano ya pili.

Na somo lililomfaa Kostya kuliko yote lilikuwa dogo. Katika zoezi lile lile ilimpasa kuhesabu fedha, wala fedha hazikuwapo. Alipeleka vidole upesi upesi hewani. Tortsov alimsimamisha. Fungu limefungwa kwa uzi, uzi umefunguliwaje? Umewekwa wapi? Noti hizi zimesawazishwa kingo zake? Ngapi zimekwisha kuhesabiwa? Kostya aanza tena, kitendo kimoja baada ya kingine, hata mikono yaanza kuziamini fedha zile, na moyo wafuata mikono. Yule aliyetaka kuipata hasira ya Othello kwa kuirukia, sasa aona kwamba njia ya kufika jambo kubwa ni kufanya madogo kwa uaminifu. Wahenga walisema papo kwa papo kamba hukata jiwe. Stanislavski mwenyewe alijifunza hayo kwa wakubwa wake. Asimulia habari za Tommaso Salvini wa Italia, aliyesifiwa sana kwa Othello, kwamba alifika ukumbini muda wa saa tatu kabla ya mchezo kuanza, akajipamba kidogo kidogo na kuingia katika mtu yule hatua kwa hatua, ijapokuwa alikuwa ameucheza mara nyingi sana.

Kitabu hakiishi kwa kusema kwamba Kostya amekuwa mashuhuri. Mwaka wa kwanza wapita, naye bado ni mwanafunzi. Kitabu cha pili cha masomo yake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1949. Lakini aliyekuja na taulo kichwani sasa ajua namna ya kuuliza, kusikiliza, kutulia, na kufanya kazi pamoja na wenzake. Hayo si mali kidogo, hata kama asingekanyaga jukwaa tena.

Basi, wazazi, mtoto akisema ataka kazi hii, msimkatalie mara moja, wala msimkubalie mara moja. Mpimeni kwa mambo ya Kostya. Afika kwa wakati? Akikosolewa, anauliza au ananuna? Apenda mazoezi, au apenda makofi tu? Apendaye makofi peke yake atachoka mapema. Apendaye mazoezi ana njia, kwani hata katika nchi zetu kazi hii ina shule zake. Bagamoyo pana chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho tangu mwaka 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Wala michezo mikubwa haihitaji kusomwa kwa lugha za kigeni tu: Mwalimu Julius Nyerere alitafsiri miwili ya Shakespeare kwa Kiswahili, Julius Caesar mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Mtu aliyekuwa na nchi nzima ya kuiongoza hakuona kwamba michezo ni upuuzi.

Nanyi walimu, mtengenezapo mchezo wa mwisho wa mwaka, twawaomba mambo manne. Anzeni mazoezi kwa saa iliyotajwa, na ninyi wenyewe mwe wa kwanza kufika. Msimwambie mtoto, "Lia hapa, cheka pale", mwambieni yaliyompata mtu yule, kisha mwulizeni, "Kama ingekuwa wewe?" Mpeni kitu cha kufanya kwa mikono, kama kukunja nguo, kuchota maji, au kutafuta ufunguo uliopotea, naye hatakuwa na nafasi ya kuona haya. Na mchezo ukiwa na mtu wa kabila jingine, au mzee, au kiwete, msikubali aigizwe kwa kumdhihaki. Watoto watafute kwanza yeye ni nani. Mkifanya hivyo, hata yule mtoto asiyepata maneno ila mawili tu atakuwa amejifunza somo zima.

Mcheza kwao hutunzwa. Tuwatunze watoto wetu tangu siku za mazoezi, wakati hakuna taa wala makofi, maana huko ndiko kazi inakofanyika.

Hata mwezi ujao, kwaherini.